"Mguu Umekufa": Lugha na Utambuzi wa Maradhi Mapya kwa Waliowahi Kuugua Polio

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwanyamazisha majirani wanaopekua mambo ya nyumba isiyo yao. Ni nadra kuisikia katika chumba cha daktari, ilhali huko ndiko inakofaa zaidi. Mgonjwa ndiye aliyekilalia kitanda. Daktari amesimama kando, na kunguni hawaonekani mchana. Anachokijua daktari kuhusu usiku wa mgonjwa ni kile tu ambacho mgonjwa ameweza kukisema, na ambacho daktari naye ameweza kukisikia. Katika maradhi mengi pengo hili huzibwa na maabara: damu hupimwa, malaria ikaonekana, shauri likaisha. Yapo maradhi mengine, hata hivyo, ambayo hayana kipimo cha kuyathibitisha, na ambayo hutambuliwa kwa masimulizi na kwa kuondoa, moja baada ya jingine, yote yanayofanana nayo. Mojawapo ni ule udhaifu mpya unaomjia mtu miaka mingi baada ya kuugua polio utotoni. Hapo neno moja lililotumiwa ovyo, au lililosikika vibaya, laweza kumgharimu mtu mguu wake wa pili.

Polio, ambayo matangazo ya afya nchini Kenya yamezoea kuiita ugonjwa wa kupooza, husababishwa na virusi vinavyoingia kwa kinywa. Wengi wanaoambukizwa hawatambui kamwe kwamba wameambukizwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ni takriban mmoja tu kati ya 200 anayepooza. Kwa huyo mmoja, virusi hushambulia seli za neva zilizomo katika sehemu ya mbele ya ugwe upitao ndani ya uti wa mgongo. Hizo ndizo seli zinazopeleka amri ya mwendo kwenye misuli. Seli ikifa, nyuzi za misuli zilizoitegemea hubaki yatima. Jambo la kutiliwa mkazo hapa ni kwamba virusi hivi huchagua neva za mwendo na kuziacha zile za hisi. Mguu uliopooza kwa polio hausogei, lakini unahisi baridi, unahisi moto, na unahisi nzi akitua juu yake.

Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa nchini Kenya mwaka 1980. Kwa hivyo, watoto waliopooza katika miaka ya 1960 na 1970, na wengine waliopooza kabla chanjo haijaenea vijijini, leo ni watu wazima wenye wajukuu. Mikurupuko ya baadaye, mathalani ule wa mwaka 2013 uliowapata watu 14, hasa katika eneo la Dadaab, ilishughulikiwa kwa kampeni kubwa za chanjo, na Agosti 2020 bara zima la Afrika likatangazwa kuwa halina tena virusi vya asili vya polio. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ila shangwe hiyo ilihusu watoto ambao hawatapooza. Wale waliokwisha kupooza walihesabiwa kuwa kisa kilichofungwa zamani, kana kwamba mwili ni faili.

Mwili si faili. Mwaka 1875, huko Ufaransa, daktari aliyeitwa Raymond alieleza habari za kijana wa miaka 19 aliyefanya kazi ya kutengeneza ngozi. Kijana huyo alikuwa amepooza angali mtoto mchanga, akapata nafuu, akakua, akashika kazi ngumu. Kisha bega lake likaanza kudhoofika upya. Jean-Martin Charcot, bingwa wa maradhi ya neva wa zama hizo, alilifikiria suala hilo na kutoa rai kwamba ugonjwa wa kwanza uliuacha ugwe katika hali ya unyonge, na kwamba kazi nzito ya mkono huenda ilichangia. Rai hiyo ina umri wa karibu miaka 150 na bado haijachakaa sana. Jambo la kustaajabisha ni jinsi ilivyosahauliwa. Ilibidi waathiriwa wa mikurupuko mikubwa ya Marekani, ukiwemo ule wa mwaka 1952 uliowapata watu zaidi ya 57,000, wafikie makamo na kuanza kulalamika kwa wingi ndipo madaktari wakainue vichwa. Mwaka 1984 walikutana Warm Springs, Georgia, kujadili jambo hili. Miongoni mwa walioongoza juhudi hizo alikuwemo Lauro Halstead, daktari ambaye yeye mwenyewe aliugua polio akiwa kijana. Aisifuye mvua imemnyea.

Mahali pale pa mkutano pana historia yake, na historia hiyo ina funzo kwa mada hii. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921 akiwa na miaka 39, akaambiwa ni polio, na akakifanya kituo cha Warm Springs kuwa makao ya matibabu ya wenzake. Mwaka 2003 kundi la watafiti lilichapisha makala lililodai kwamba, kwa kuzingatia umri wake, mpangilio wa kupooza kwake na jinsi ngozi yake ilivyouma ikiguswa, yamkini hakuugua polio kamwe bali ugonjwa mwingine wa neva uitwao Guillain-Barré. Wengine wamelipinga dai hilo. Hapana haja ya kuamua ugomvi huo hapa. La kuzingatia ni kwamba watu wanabishana juu ya ugonjwa wa mtu mashuhuri kiasi hicho, aliyezungukwa na madaktari na waandishi wa barua, na silaha zao pekee ni maneno yaliyoandikwa wakati ule: aliumwa wapi kwanza, lini, upande upi. Ikiwa hali ni hiyo kwa rais, itakuwaje kwa mtoto wa mkulima aliyepooza mwaka 1968, na ambaye kumbukumbu zake zote zimo katika kichwa cha mama aliyekwisha kufariki?

Naam, itakuwaje? Mara nyingi ushahidi unaobaki ni sentensi moja ya kifamilia: "Alipata homa, akadungwa sindano, mguu ukafa." Sentensi hii husikika kotekote Afrika Mashariki, na ndani yake mna zaidi ya uwezekano mmoja. Huenda homa ilikuwa ya polio na sindano ilitokea tu njiani. Huenda ilikuwa ya polio, nayo sindano ikauchochea ugonjwa katika kiungo kile kilichodungwa, jambo linalojulikana katika tiba. Huenda pia hapakuwa na polio hata kidogo: homa ilikuwa ya malaria, na sindano iliyodungwa vibaya kwenye tako ikaijeruhi neva kubwa ya mguu. Mtu wa namna hii ya mwisho huishi miaka 50 akiitwa mgonjwa wa polio, na pengine akajiita hivyo mwenyewe. Akija hospitalini na udhaifu mpya, daktari anayeanza kwa kusema "wewe una polio" ameijenga nyumba yake juu ya kiwanja ambacho hakukipima. Ndiyo maana sharti la kwanza kati ya yale yanayofuatwa na wataalamu ni kuthibitisha kwamba polio ya zamani ilikuwepo kweli. Masharti mengine ni haya: kwamba mgonjwa alipata nafuu na akakaa katika hali tulivu kwa miaka mingi, aghalabu 15 au zaidi, kwamba udhaifu mpya, au misuli kuchoka upesi isivyo kawaida, umeingia na ukadumu kwa angalau mwaka mmoja, na kwamba hakuna maradhi mengine yanayoweza kuyaeleza hayo. Sharti hili la mwisho hutamkwa kwa pumzi moja, lakini ndilo lenye kazi yote.

Kabla ya kuifikia kazi hiyo inafaa kueleza mambo yanayodhaniwa kutokea ndani ya mwili, kwa sababu yanapindua lugha ya kila siku. Baada ya polio ya kwanza, seli za neva zilizosalimika huchipuza vitawi vipya na kuwachukua wale mayatima, yaani nyuzi za misuli zilizofiwa na seli zao. Seli moja huweza kulea mara kadhaa ya idadi iliyokusudiwa kulea. Kwa msaada wa malezi hayo mtoto huinuka, hutembea, huenda shule. Misuli yake huweza kupimwa na kuonekana kuwa sawa hali zaidi ya nusu ya seli zake zimekufa. Lakini mlezi aliyebebeshwa mzigo wa walezi watano huchoka mapema. Miaka 30 au 40 baadaye vitawi hivyo huanza kukauka kimoja kimoja, na mayatima wakaachwa mara ya pili. Virusi havijarudi, havihitajiki tena.

Katika maelezo hayo mna jambo ambalo familia nyingi hulipokea kwa mshangao: udhaifu mpya hauchagui mguu mbovu peke yake. Kiswahili cha nyumbani humgawa mtu huyu pande mbili. Ana mguu mbovu na ana mguu mzima. Mguu mzima ndio uliobeba gunia, uliopanda ngazi, uliosimama kwenye matatu kutoka Thika hadi mjini. Kumbe nao huenda ulishambuliwa siku ile ile, ila kwa kiasi kidogo, ukapona kabla mtu hajatazama. Basi unapolegea ukiwa na miaka 55, mwenyewe huona kama usaliti, na jamaa huona kama ugonjwa mwingine kabisa. Neno "mzima" lilikuwa ahadi ambayo mwili haukuitoa.

Neno lenyewe la "kupooza" nalo lina historia ndefu kuliko ugonjwa. Linakaribiana na "kupoa", kupoteza moto. Na kwa matunda, mapooza ni yale yanayopukutika kabla ya kukomaa. Ni neno zuri, lenye huruma fulani, lakini ni pana kupita kiasi. Aliyepatwa na kiharusi amepooza. Aliyevunjika shingo baada ya kuanguka kutoka kwenye mnazi amepooza. Mtoto wa polio amepooza. Neno linataja mwisho wa safari na kuficha njia, na daktari anachokitafuta ni njia. Ndivyo yalivyo pia maneno ya wagonjwa wenyewe: "mguu umelala", "mguu mzito", "mguu hausikii", "mguu umekufa". Kila mojawapo huweza kumaanisha kukosa nguvu, na huweza kumaanisha kukosa hisi. Katika mazungumzo ya barazani tofauti hiyo haina uzito. Kwa mtu aliyewahi kuugua polio ndiyo njia panda ya safari yote, kwa sababu, kama ilivyokwisha kuelezwa, polio haigusi hisi. Ganzi ikiingia, mkosaji si polio. Pana mwingine mlangoni.

Na ibuniwe picha ya mwanamke mmoja, ambaye si mtu fulani bali ni mkusanyiko wa mambo ambayo madaktari huonywa juu yake. Ana miaka 58. Alipooza mguu wa kushoto akiwa na miaka miwili. Anauza vitambaa katika soko la Kongowea, Mombasa, na hutembea kwa gongo. Kwa muda wa miezi mitano mguu wake wa kulia umebadilika. Ameletwa zahanatini na bintiye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo una nini?"

"Mguu umekufa."

"Huu wa polio?"

"La, ule mzima."

"Basi ndiyo polio yako ile ile, mama, na umri nao umesogea. Nitakupa dawa ya maumivu, upumzike."

Mazungumzo haya yana adabu kamili. Kijana ameamkia, mama ameitikia, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Yamkini hata jibu lenyewe lingeonekana la kisomi, kwa kuwa kijana amewahi kusoma kwamba polio huweza kuleta udhaifu wa baadaye katika mguu ulioonekana mzima. Tatizo ni kwamba amelifikia jina kabla ya kuuliza swali. Na lau angeuliza: "Umekufa vipi, mama? Hauna nguvu, ama hauna hisi?" huenda angejibiwa hivi: "Mwanangu, kandambili hunivuka njiani nisijue. Hujua nikiona vumbi kidoleni."

Jibu hilo lina thamani ya vipimo kadhaa. Mguu usiojua kwamba kandambili imetoka ni mguu uliopoteza hisi. Hapo kijana angepaswa kuuliza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, nalo linahusu haja ndogo. Hili ni swali ambalo mwanamume wa umri wa mwanawe hawezi kumtupia mama wa makamo kama anayeuliza bei ya nyanya. Kiswahili kimejaliwa tafsida nyingi kwa mambo haya, na tafsida ni kitu chema, lakini ina sharti moja: pande zote mbili ziielewe. Mama anaweza kumtazama bintiye kwanza, kisha akasema, "Siku hizi maji hayanisubiri." Daktari aliyelelewa katika lugha nyingine atadhani anazungumzia mfereji wa nyumbani. Aliyeelewa atajua kwamba ugwe wa mgongo unabanwa mahali, kwamba jambo hili ni la siku si la miezi, na kwamba mama huyu hapaswi kurudi nyumbani na dawa ya maumivu.

Hata kinyundo cha daktari kina mtego wake hapa. Kwa kawaida ugwe ukibanwa, goti likigongwa chini ya mahali palipobanwa huruka kupita kiasi, na unyayo ukikwaruzwa kidole gumba huinuka juu. Ni dalili ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hawezi kuzisahau. Lakini goti haliwezi kuruka pasipo seli za mbele za ugwe kulipa amri, na seli za mguu wa kushoto wa mama huyu zilikufa alipokuwa na miaka miwili. Goti lake la kushoto limenyamaza miaka 56 na litaendelea kunyamaza, hata ugwe ukibanwa kiasi gani. Kidole gumba chake hakiinuki kwa sababu misuli ya kukiinua haipo. Daktari atakayeupima mguu huo peke yake ataandika kwamba hakuona dalili mpya, na atakuwa amesema kweli kuhusu mguu usioweza kusema lolote. Ni mguu wa kulia ambao bado una ulimi. Humo goti litaruka, kidole kitainuka, na picha ya uti wa mgongo itaonyesha sababu: pingili iliyotoka mahali pake, au njia ya ugwe iliyokuwa nyembamba kwa uzee, au, jambo ambalo katika nchi hii lazima likumbukwe daima, kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo. Hiki cha mwisho kina dawa, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Orodha ya wanaojificha nyuma ya polio ni ndefu, wala haina haja ya kukamilishwa. Mtu aliyeegemea magongo kwa miaka 40 hubana neva za viganja na viwiko, na ganzi ya vidole inayomwamsha usiku hutibika kwa kifaa cha kukituliza kiganja au kwa upasuaji mdogo. Kisukari huharibu neva za nyayo. Virusi vya UKIMWI navyo huziharibu, na pia huushambulia ugwe. Ukosefu wa vitamini B12 huweza kuleta ulegevu na ganzi. Tezi ya shingo ikizembea huleta uchovu; vivyo hivyo upungufu wa damu, na vivyo hivyo huzuni ya muda mrefu. Mtu ambaye polio iligusa misuli ya kifua chake huweza kupumua vibaya usingizini, akaamka na maumivu ya kichwa na uchovu ambao jamaa wataudhania kuwa uvivu. Karibu yote haya hutibika, na ndiyo sababu kuharakisha kusema "ni polio" si kosa dogo la istilahi.

Upande wa pili wa shilingi ni mgonjwa ambaye kwa hakika ana ugonjwa huu wa baada ya polio na hapewi jina lolote. Yeye hana ganzi. Goti haliruki. Picha ya mgongo ni safi, au ina kasoro ndogo zinazowapata wote wa umri wake. Kipimo cha umeme wa misuli kitaonyesha seli zilizokufa zamani na seli zilizobeba mizigo mikubwa, lakini kitaonyesha hayo hayo kwa mtu aliyeugua polio ambaye hana lalamiko lolote. Kwa hivyo hakithibitishi. Faida yake kubwa ni kuwaondoa wengine. Baadhi yao ni wa kutisha, hususan ule ugonjwa wa kufa kwa neva za mwendo uliomwua Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa Marekani, mwaka 1941. Mgonjwa aliyesoma kidogo huenda akajipa hukumu hiyo usiku akiwa peke yake. Dalili inayomtuliza mtaalamu ni mwendo: ule wa Gehrig hukimbia kwa miezi, huu hutambaa kwa miaka. Lakini ili kuujua mwendo, ni lazima kuwe na mahali pa kuanzia kupima. Mgonjwa aliweza nini miaka mitano iliyopita? Alipanda ghorofa ngapi? Alitoka nyumbani hadi kituo cha basi akipumzika mara ngapi? Majibu ya namna hii hayamo katika faili lolote. Yamo katika masimulizi, na masimulizi mazuri huhitaji msikilizaji mwenye subira na foleni fupi. Foleni fupi, ni bayana, hazipo.

Lipo neno jingine linalosimama njiani, nalo ni "jikaze". Watoto wa polio wa kizazi kile walilelewa kwa neno hilo. Walifungwa vyuma miguuni, wakaambiwa wajikaze. Wakaanguka, wakaambiwa wajikaze. Wakashinda mitihani, wakasifiwa kwa kujikaza. Mtu aliyejijenga kwa neno moja hawezi kuliacha kirahisi. Akidhoofika tena, kwanza hujificha. Kisha huongeza mazoezi. Wapo waliojichosha misuli kwa kuamini kwamba ulegevu ni dalili ya uzembe, ilhali misuli inayolelewa na seli zilizoelemewa huhitaji mazoezi ya kiasi yenye mapumziko, yaliyopangwa na mtaalamu wa viungo. Wanapofika hospitalini husema, "Sijambo, ni miguu tu kidogo." Huyo "kidogo" huweza kuwa na miaka mitatu ya kuanguka bafuni ndani yake. Daktari akisikia kidogo ataandika kidogo. Tena ataandika kwa Kiingereza, baada ya maneno kutoka pengine katika Kigiriama au Dholuo na kupitia Kiswahili cha binti aliyekuja kutafsiri, na katika kila kivuko kitu huanguka majini.

Ugonjwa wenyewe, kwa lugha za Ulaya, una jina. Na tangu mwaka 2010 una namba yake katika orodha ya kimataifa ya maradhi, G14, ukatengwa na mabaki ya kawaida ya polio. Kwa Kiswahili istilahi bado haijazoeleka. "Sindromu ya baada ya polio" ni tafsiri sahihi, ila ni tafsiri ya darasani. Mama wa Kongowea hatakwenda nayo nyumbani. "Polio iliyorudi" inaeleweka upesi mno, na ni hatari, kwa sababu itawafanya jirani wawaondoe watoto wao karibu naye na kumfanya yeye mwenyewe aamini kwamba virusi vimeamka. "Polio ya uzeeni" inamtwisha mtu wa miaka 45 uzee asio nao. Huenda "uchovu wa neva baada ya polio" ukafaa, kwa kuwa unataja kilichochoka na lini kilianza kuchoka, ingawa neno "uchovu" lina ubaya wa kuonekana jepesi, kana kwamba usingizi wa usiku mmoja utauondoa. Wanafunzi wa isimu wana uwanja wa kutosha hapa kuliko katika kutafuta visawe vipya vya kompyuta.

Na wakati istilahi hiyo inasubiriwa, mgonjwa bado anaitwa dirishani. Ameshika kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Anajua ni mguu upi ulioanza, ni mwezi gani, na kama kandambili humtoka bila yeye kujua. Hajaulizwa bado.